Kilaza Nani?

Kuna kauli imenichosha, na ninaisikia zaidi kwetu sisi vijana wa kalamu kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Jamaa anasimama kijiweni, kitabu cha mashairi kwapani, anachekelea: "Mie bwana hesabu sizijui, mie mtu wa lugha." Wenzake nao wanacheka, kana kwamba kasema jambo la sifa. Hakuna anayethubutu kusimama pale pale akasema, "Mie kusoma sijui, mie mtu wa hesabu." Huyo tungemwonea huruma.

Kicheko kile kinafika mbali, jamani. Kinamfikia mdogo wako wa darasa la tatu aliyekaa pembeni na daftari lililojaa wino mwekundu, naye anajifunza kwamba duniani kuna watu wa hesabu na watu wasio wa hesabu, na kwamba wino ule umeshamwonyesha kundi lake. Ana miaka tisa tu! Mie si mwalimu wa cheti, lakini jioni ninakaa barazani na watoto wa jirani huku Temeke. Siku moja nilimuuliza binti mmoja mbona swali hajaligusa. Akanijibu kwa utulivu kabisa, kama mtu anayetaja kabila lake: "Mimi kilaza, kaka."

Kazaliwa nao ukilaza huo? Thubutu! Kapewa. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022 yalionyesha kwamba katika Hisabati alifaulu mtahiniwa mmoja hivi kati ya watano. Hivi kweli nchi inaweza kuzaa vilaza wanne katika kila watoto watano, halafu hao hao waje kuwa makonda wanaorudisha chenji gizani huku daladala inakimbia? Tatizo ni namna tunavyowasomesha, nayo inaanza shule ya msingi.

Chukua MAGAZIJUTO. Kila aliyepita darasa la nne anaijua: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Neno tamu, linaimbika. Sasa mpe mtoto aliyelimeza 10 − 3 + 2. Jumlisha inatangulia toa, si ndivyo alivyoimba? Basi anajumlisha 3 na 2, anapata 5, anatoa kwenye 10, anaandika 5. Anakula mkasi wa wino mwekundu, kwa sababu jibu ni 9. Hajawahi kuambiwa kwamba kujumlisha na kutoa ni ndugu wa rika moja, unakwenda nao kutoka kushoto kwenda kulia, na kwamba kugawanya na kuzidisha ni vivyo hivyo. Alitii wimbo, akaadhibiwa kwa kutii. Baada ya hapo unashangaa anasema hesabu ni uchawi?

Halafu kuna hii tuisheni ya Jumamosi. Watoto arobaini bandani, masaa matatu mfululizo, mwalimu anajaza ubao, wao wananakili. Daftari likijaa mzazi anaridhika, hela yake imeonekana. Lakini kunakili hesabu aliyoifanya mwenzio ni sawa na kukaa Coco ukiwatazama watu wanaogelea. Ukitumbukia utazama tu. Kwingine wanafundishwa mbinu za kuotea herufi. Mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba ulipoanza kusahihishwa kwa mashine, hata Hisabati ikawa ya kuchagua A mpaka E. Baadaye maswali machache ya kuonyesha njia yalirudishwa, ila ugonjwa wa kuwinda herufi umebaki.

Sasa tufanyeje? Nitasema ninayoyafanya barazani, nayo hayahitaji hela.

Dakika ishirini kila siku, basi. Si masaa matatu Jumamosi. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana na kupima anazisahau kwa kasi gani. Aliona kwamba usahaulifu unakimbia sana mwanzoni, na kwamba kurudia kidogo kidogo siku mbalimbali kunashinda kurundika siku moja. Karne na zaidi imepita, sie bado tunarundika. Kwa hiyo kitu cha kwanza mtoto akikaa, daftari linafungwa, anarudia swali moja la jana na moja la wiki iliyopita bila kuchungulia. Akikwama ndipo anafungua.

Maswali yenyewe yachanganywe. Ukimpa kutoa ishirini mfululizo, baada ya la tatu kichwa kinalala, mkono unaendelea. Mpe la kutoa, la sehemu, la saa, la fedha, alazimike kuamua kwanza hili ni la namna gani. Mtihani hauji na maswali yaliyopangwa kifamilia.

Na raba ya kufutia ninainyang'anya. Kosa libaki pale lionekane. Mtoto akiandika 42 − 17 = 35, usimwambie "umekosa" ukapita. Muulize, "Umefikaje hapa?" Atakwambia: saba kutoa mbili, tano, nne kutoa moja, tatu. Ohoo! Kumbe kutoa anajua, ila anatoa kidogo kwenye kikubwa popote kilipo, hajui kukopa kumi. Umeshaliona tundu, unaliziba kwa vizibo vya soda na mafungu ya vijiti kumi kumi. Fimbo isingekuonyesha tundu hilo hata ungechapa mpaka usiku. Fimbo ingemfundisha kuficha daftari.

Najua kuna mtakaosema: mzazi gani ana nafasi hiyo? Mama anarudi saa mbili usiku na beseni lake la vitumbua, darasa la saba lenyewe hakumaliza. Sawa. Lakini huyo mama hahitaji kujua sehemu wala desimali. Anahitaji kukaa, miguu kwenye maji ya moto, na kusema, "Hebu nieleze na mie nielewe." Mtoto anayemweleza mama yake hesabu anaisoma mara mbili. Na huyo mama anayejua kilo tatu za mchele zinatoa vitumbua vingapi na faida ni ngapi, nani kakwambia hajui hesabu?

Nirudi kwenu, watu wa lugha, maana sijamalizana nanyi. Kinachowaua watoto wengi ni hesabu za mafumbo. Tazama hili: Asha ana maembe 8. Ana maembe 3 zaidi ya Juma. Juma ana mangapi? Mtoto kafundishwa "ukiona zaidi, jumlisha", anaandika 11. Juma ana 5. Hapo palipokosewa ni hesabu au ni kusoma? Ni kusoma! Hiyo ni kazi yenu, nanyi mmekaa kijiweni mnacheka.

Au KDS na KKS. Watoto wanazichanganya mpaka darasa la saba, na hamna anayewaambia kwamba siri iko kwenye herufi ya mwisho: kigawe ndicho kinachogawanywa, kigawo ndicho kinachogawa. Mwambie mtoto afikirie mtume anayetumwa na mkono unaotuma, atakushangaza. Muulize pia kwa nini namba tasa inaitwa tasa. Kiswahili chetu kinasema kumi na moja, kumi na mbili, kinakuwekea makumi na mamoja mezani waziwazi; na ukifika mbele unasikia sita ndani ya sitini, saba ndani ya sabini, tisa ndani ya tisini. Mtoto anayesikilizishwa hayo hababaiki na nafasi za tarakimu. Sie tunampita mbio ili awahi kuimba jedwali.

Na msiniambie nyie hamhesabu. Mshairi gani wa tarbia hajakunja vidole akitafuta mizani ya kumi na sita? Mishororo minne mara kumi na sita, sitini na nne kwa ubeti. (Ndiyo idadi ya kete za bao, kama hukuwahi kuzihesabu.) Mtu anayepima hivyo kila siku, kisha anamwambia mtoto "hesabu si zetu", huyo anasema uongo.

Kwa hiyo ninamwomba mhariri nusu ukurasa kila toleo. Asiuweke shairi la mapenzi, tunayo ya kutosha. Aweke hesabu za mafumbo tulizotunga wenyewe kwa ajili ya darasa la tatu mpaka la saba, za gengeni, za daladala, za feri ya Kigamboni, kwa Kiswahili ambacho mtoto hajikwai. Mie naleta la kwanza: mshairi ametunga beti 12 za tarbia, mizani 16 kila mshororo. Mpiga chapa kala mizani 9, kaongeza 4 zisizokuwepo. Zimechapwa mizani ngapi? Majibu yaje na njia.