Fedha za Shule Zilizo Jirani na Kambi

Ndugu wanajeshi na askari polisi, tumezoea kusikia jina letu likitajwa kila mtu atakapo jambo lake lipite bungeni. Ndivyo ilivyokuwa Marekani mwaka 2018, na yafaa tulitazame jambo hilo kwa makini, maana lilihusu watoto wa askari na shule za umma zinazowasomesha.

Nchini humo shule za umma hutegemea kwa sehemu kubwa kodi ya ardhi na majumba ya mahali zilipo. Ardhi ya kambi ni mali ya serikali kuu, wala haitozwi kodi hiyo. Askari aishiye kambini hana nyumba ya kulipia kodi, na mahitaji yake huyanunua katika duka la jeshi lisilotoza kodi ya mauzo. Lakini watoto wake wamo darasani kila asubuhi. Kwa sababu hiyo, mwaka 1950 Bunge lilitunga sheria ya kuzifidia shule za namna hiyo, na fidia ingali ikitolewa.

Mwaka 2017 taasisi ya Heritage Foundation, yenye sauti kubwa mjini Washington, ilipendekeza fedha hizo zisipelekwe tena shuleni, bali kila mzazi askari afunguliwe akaunti na kujichagulia shule, hata ya binafsi. Mwaka uliofuata Mbunge Jim Banks wa Indiana, mwenyewe afisa wa akiba wa jeshi la majini aliyetumikia Afghanistan, alipeleka muswada wa shabaha hiyo. Kilichotajwa ni dola 2,500 kwa mtoto kwa mwaka, na 4,500 penye watoto wengi wa askari.

Hatuwabezi waliouunga mkono. Askari huhamishwa mara kwa mara, na mtoto wake huenda akapita shule sita hadi tisa. Akikuta shule mbovu hana pa kukimbilia. Lakini hesabu ilikataa. Watoto watano wakiondoka katika darasa la watoto 30, mwalimu ni yule yule na mshahara ni ule ule. Paa huvuja vile vile, na basi la shule hupita njia ile ile. Kinachopungua ni fedha. Tena dola 2,500 hazifikii karo ya shule nyingi za binafsi, na kambi kadhaa ziko mbali na miji, ambako shule ya umma ndiyo shule pekee.

Waliosimama kuupinga ni wale wale walioahidiwa zawadi: muungano wa vyama vya wanajeshi, wastaafu na familia zao. Walijua kwamba zaidi ya watoto wanne katika kila watano wa askari husoma shule za umma. Muswada haukupita. (Na itambuliwe kwamba hakuna kikosi kilichoandamana.)

Hata hivyo washawishi hawakulala. Jimboni Texas, penye kambi kubwa kama Fort Hood, Novemba 2023 wabunge walikataa, kwa kura 84 dhidi ya 63, mpango wa kulipia shule za binafsi kwa fedha za jimbo. Kati ya waliokataa, 21 walikuwa wa chama cha Gavana Greg Abbott mwenyewe. Desemba hiyo hiyo tajiri Jeff Yass wa Pennsylvania, jimbo lisilopakana hata kidogo na Texas, alimchangia gavana dola milioni 6; naye gavana akazunguka kuwapigia debe wapinzani wa wabunge hao katika uteuzi wa chama wa 2024. Wengi wao hawakurudi bungeni. Mei 2025 alitia saini sheria iliyotenga dola bilioni 1 kwa mpango huo.

Hapa Uganda hatari ilipata kuwa ya namna nyingine. Uchunguzi ulionyesha kwamba kati ya 1991 na 1995 shule za msingi zilipokea wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku zilizotumwa. Nyingine ziliishia njiani, mikononi mwa watu wa wilayani. Serikali ikaanza kuchapa magazetini kiasi kilichotumwa, na shule zikatakiwa kukibandika ukutani, wazazi wakasoma, na fungu lililofika likaongezeka sana. Kanuni zetu hutukataza siasa za vyama, na ndivyo ipasavyo. Hazimkatazi mzazi mwenye sare kuhudhuria kikao cha wazazi, na kuuliza muhula huu zimefika shilingi ngapi.