Usonji: Ada imefutwa, lakini nani atamsindikiza mtoto shule?

Tuchukulie mama anauza vitumbua Dunda, hapa Bagamoyo mjini. Mwanawe ana miaka saba na ana usonji. Anasema maneno machache, kelele zinamtesa, na akipata nafasi anatoka mbio bila kugeuka nyuma. Barabara ipo, bodaboda zipo, na bahari haiko mbali. Mtoto kama huyu huwezi kumwambia atangulie shule na wenzake.

Elimu ya msingi ni bila ada. Lakini kama shule yenye kitengo cha mahitaji maalumu iko mbali na kwao, mama huyu ana safari nne kwa siku: kumpeleka, kurudi, kumfuata, kurudi naye. Nauli ikimshinda, anakaa chini ya mwembe nje ya darasa mpaka watoto watoke, na vitumbua vinanunuliwa asubuhi, si saa nane mchana. Akichoka, mtoto anabaki nyumbani. Kwenye daftari la mahudhurio ataonekana mtoro tu.

Usonji hauambukizi, hautokani na chanjo, laana wala malezi mabaya. Ni ubongo kukua kwa namna tofauti tangu utotoni, na tofauti hiyo inaonekana katika kuwasiliana na watu na kurudia mambo yaleyale. Wapo wasiozungumza kabisa, wapo wanaojua kwa kichwa namba za daladala zote za Makumbusho. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, shule yenye wanafunzi 1,000 ingetarajiwa kuwa na saba au wanane. Jiulize shule ya kijijini kwenu inawajua wangapi. Wengine wamo darasani wanaitwa watundu au wajeuri, na kiboko hakiwasaidii kitu. Wengine hawajawahi kuandikishwa.

Sheria haina tatizo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma kama wengine, tena katika shule ya kawaida. Uliandaliwa pia Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi, ulioanzia mwaka 2021/22. Pale Ilala, Dar es Salaam, Shule ya Msingi Msimbazi Mseto ina kitengo cha watoto wenye usonji. Ni jambo la kujivunia, ila kutoka Dunda mpaka Ilala ni mwendo wa kilomita zaidi ya 60. Mama wa vitumbua hana habari nako.

Kwa maoni yangu, kusubiri kila kata ipate kitengo chake ni kuwapoteza watoto walio na miaka saba leo. Njia fupi ni kuisaidia shule iliyo karibu na nyumbani. Mengi yanayomsaidia mtoto huyu hayana gharama kubwa: ratiba ya siku iliyochorwa kwa picha ukutani, uji, kuhesabu, mchezo, kurudi nyumbani, kiti mbali na mlango, agizo moja kwa wakati, kwa maneno machache, kumwambia mapema kwamba kengele italia. Akizidiwa na kelele, apewe kona ya kutulia, asichapwe.

Ila tusimtwishe mwalimu mzigo wote. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na mnajua wenyewe hali ilivyo. Mwalimu wa darasa la watoto 90 hawezi kuchora ratiba, kufundisha na kulinda geti. Wapo walimu waliosomea elimu maalumu, Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha kinawafundisha, lakini mwalimu huyo akifika shuleni akapangiwa vipindi kama wengine wote, utaalamu wake unalala. Apewe muda wa kuwaelekeza wenzake. Halafu awepo mtu mzima wa kumpokea mtoto njiani na kukaa naye. Hilo ni suala la bajeti ya halmashauri, na diwani wako ndiye wa kuulizwa.

Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza hufanyika miezi ya mwisho ya mwaka. Ukienda, usimfiche mtoto ukitumaini atazoea. Mwambie mwalimu mkuu anachopenda, kinachomtisha, na anavyoonyesha akitaka kwenda chooni. Ukiambiwa arudi nyumbani mpaka aweze kuongea, omba jibu hilo kwa maandishi, kisha nenda nalo kwa Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri au afisa ustawi wa jamii. Na kabla hujaondoka shuleni, uliza nani analinda geti saa ya mapumziko.