Vani ya Mkusanyaji na Ushuru wa Kuku

Katika masoko ya magari ya kale nchini Marekani huuzwa bidhaa moja ambayo, kwa mtazamo wa haraka, haistahili muda wa mhadhiri wa chuo kikuu wala wa msomaji wake. Ni vani. Ilitoka kiwandani ikiwa ya kubebea mizigo, bati tupu lisilo na madirisha ubavuni wala viti nyuma ya dereva. Kisha karakana ikaichukua, ikatoboa madirisha, ikatandika zulia sakafuni na kupandisha zulia hilo hadi ukutani, ikafunga kitanda, jokofu dogo, taa za rangi na viti vya ngozi vya kuzunguka. Baadhi ya vani hizi hupambwa kwa heshima ya pikipiki za zamani, na pikipiki yenyewe aghalabu ni Harley-Davidson: rangi nyeusi na ya chungwa, tai aliyekunjua mbawa ubavuni, mishono ya viti inayoiga tandiko la pikipiki. Mkusanyaji huinunua, huifunika turubai, na kuitoa mara chache kwa mwaka ili watu waitazame.

Sina ugomvi na mkusanyaji. Fedha ni zake, na fundi aliyeshona viti vile anastahili sifa kama anavyostahili seremala wa milango ya Zanzibar. Ugomvi wangu ni na hadithi inayouzwa pamoja na gari. Hadithi hiyo husema kwamba pikipiki hii na vani hii ni watoto wa uhuru: barabara ndefu, mtu mmoja na injini yake, taifa lililojengwa na watu wasioitegemea serikali na soko lisilofungwa minyororo. Hadithi hiyo si ya kweli. Vani ile na nembo ile ni watoto wa ushuru wa forodha, na hati za kuzaliwa kwao zipo hadharani kwa yeyote anayetaka kuzisoma.

Tuanze na vani, kwa kuwa kisa chake kinachekesha zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuku wa Marekani, waliofugwa kwa wingi na kwa bei ya chini, walifurika katika soko la Ulaya Magharibi, hususan Ujerumani Magharibi. Wafugaji wa huko wakalalamika, na mwaka 1962 Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya ikapandisha ushuru wa kuku. Marekani ikajibu. Mwezi Desemba 1963 Rais Lyndon Johnson alitangaza ushuru dhidi ya bidhaa nne: wanga wa viazi, dekstrini, brandi na magari madogo ya mizigo. Kwa magari kiwango kilikuwa asilimia 25, na kilianza kutumika mwaka 1964. Mlengwa alijulikana: ni Volkswagen, ambayo vani na pikapu zake zilikuwa zikipendwa na Wamarekani. Vani yenye viti vya abiria ilihesabiwa kuwa gari dogo, ikapona. Vani ya mizigo, ile ile ambayo karakana huihitaji ili kuigeuza, ikafungiwa mlango.

Ford ilikuwa imeanza kutengeneza Econoline kama modeli ya mwaka 1961. Chevrolet na Dodge nazo zilikuwamo katika biashara hiyo. Kwa hiyo vijana wa Marekani walipoingiwa na wazimu wa vani katika miaka ya 1970, wakichora mandhari za jangwa na mbwamwitu ubavuni, kila mmoja akiamini kwamba anajitengenezea uhuru wake binafsi, bati walilolichora lilikuwa bati lililolindwa. Viwanda havikukawia kuinusa harufu ya fedha: mwaka 1976 Ford na Dodge ziliuza vani zilizokwisha kupambwa kiwandani. Na katika jimbo la Indiana, mjini Elkhart na vitongoji vyake, karakana za kugeuza vani na kutengeneza nyumba za magurudumu zikawa tegemeo la maelfu ya familia.

Ushuru wa wanga, dekstrini na brandi uliondolewa baadaye. Ushuru wa magari madogo ya mizigo haukuondolewa. Msomaji wangu Mtanzania na aweke jambo hili akilini: ushuru huo, ambao Wamarekani wenyewe huuita ushuru wa kuku, ulianza Januari 1964, miezi mitatu kabla ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Jamhuri yetu ni changa kuliko hatua ya muda ya kulipizia kisasi cha mapaja ya kuku.

Ford yenyewe, mnufaika mkubwa, ilikuja kuukwepa ushuru huo. Vani ndogo iitwayo Transit Connect ilitengenezwa Uturuki. Ili ihesabiwe kuwa gari la abiria, iliingizwa Marekani ikiwa na viti na madirisha nyuma. Ilipokwisha kupita forodhani, viti vikang'olewa na madirisha yakazibwa, ikauzwa kama gari la mizigo. Karakana za Elkhart zilichukua gari la mizigo na kuligeuza sebule. Ford ikachukua sebule na kuigeuza gari la mizigo. Kesi iliendelea kwa miaka mingi, na mwaka 2024 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 365. Sitaongeza neno hapo.

Sasa nembo. Harley-Davidson ilianzishwa Milwaukee mwaka 1903. Mwaka 1969 ilinunuliwa na kampuni ya AMF, ubora ukashuka, na mwaka 1981 wakurugenzi na mameneja kumi na watatu wakaikomboa kwa fedha za mkopo. Waliikuta taabani. Honda, Yamaha, Suzuki na Kawasaki walikuwa wakiuza pikipiki kubwa zilizo bora na za bei nafuu zaidi. Je, wana wale wa barabara huria walisema soko na liamue? Hawakusema. Mwaka 1982 walipiga hodi serikalini kuomba ulinzi, na Aprili 1983 Rais Ronald Reagan, mhubiri mkuu wa soko huria katika kizazi chake, akaongeza ushuru wa asilimia 45 juu ya asilimia 4.4 iliyokuwapo, kwa pikipiki za zaidi ya cc 700 zinazotoka nje. Nyongeza hiyo ilipangwa kushuka mwaka hadi mwaka kwa muda wa miaka mitano.

Wapo wachumi wanaosema kwamba ushuru ule haukuiokoa Harley. Hoja yao ina uzito. Wajapani walipunguza injini hadi cc 699 na kuendelea kuuza. Honda na Kawasaki tayari walikuwa na viwanda Ohio na Nebraska. Kilichoiokoa kampuni, wanasema, ni injini mpya ya mwaka 1984 na mbinu za uzalishaji ambazo wakuu wake walikwenda kuzitazama katika kiwanda cha Honda. Nakubali sehemu kubwa ya maelezo hayo. Lakini kujifunza kunahitaji muda, na mwenye madeni hapewi muda na benki bila dhamana. Tangazo la Rais lilikuwa dhamana. Machi 1987 kampuni ilijitokeza na kuomba ushuru uondolewe kabla ya wakati wake, na Reagan akaenda kiwandani York, Pennsylvania, kuusherehekea ushindi huo. Kuanzia hapo nembo ikawa mali kuliko pikipiki: ikabandikwa kwenye majaketi, manukato na, kuanzia mwaka 2000, kwenye pikapu za Ford. Vani ya mkusanyaji ni tawi la mti huo.

Tazama sasa kalenda yetu. Kenya ilipokea mkopo wake wa kwanza wa marekebisho ya uchumi mwaka 1980. Tanzania ilitia saini na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, wakati ushuru wa Harley ukiwa bado unatumika. Sisi tuliambiwa kwamba kulinda viwanda ni dhambi ya kiuchumi, kwamba kiwanda kisichoweza kushindana leo hakina haki ya kuwapo kesho. Mwanahisa mkubwa wa shirika lililotufundisha hivyo alikuwa ndiye aliyeipa kampuni ya pikipiki miaka mitano ya kupumua. Viwanda vyetu vya nguo, Urafiki ya Dar es Salaam iliyojengwa kwa msaada wa China mwaka 1968, Mwatex ya Mwanza na vinginevyo, havikupewa hata miaka miwili ya mpango kama ule. Marobota ya mitumba yaliingia kabla hata mashine hazijapata vipuri.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba viwanda vile viliuawa na wasimamizi wake, na umeme wa kukatika, na wizi. Ni kweli kwa kiasi kikubwa, na sitetei mvivu. Ndiyo maana mfano wa Harley una faida kwetu kuliko hotuba zote za uzalendo wa viwanda: ulinzi ulikuwa na tarehe ya kuanza, ngazi za kushuka na tarehe ya kwisha, na aliyelindwa alitakiwa kuonyesha kazi yake. Misamaha ya kodi inayotolewa kwetu huwa na tarehe ya kuanza tu. Anayetaka tulinde viwanda bila kuuliza ngazi ya kushuka iko wapi ni hatari sawasawa na yule anayetukataza kulinda.

Walakini, hata ulinzi wenye mpango tunakatazwa. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuondoa nguo za mitumba hatua kwa hatua. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Machi 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika cha Marekani kilipeleka malalamiko Washington, kikidai kwamba ajira za Wamarekani 40,000 zimo hatarini. Tafadhali soma tena: taifa lenye ushuru wa miaka zaidi ya hamsini juu ya vani lilitutaka tuache mlango wazi kwa mashati waliyokwisha kuyavaa. Kenya ilirudi nyuma, Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ilikataa.

Na hapa ndipo kalenda inapokuwa na dhihaka ya kipekee. Mwezi Juni 2018 Umoja wa Ulaya, ukijibu ushuru wa chuma wa Marekani, ulipandisha ushuru wa pikipiki za Harley-Davidson kutoka asilimia 6 hadi 31. Siku chache baadaye Harley, mwenye tai na bendera, alitangaza kwamba pikipiki za kuuzwa Ulaya zitatengenezwa nje ya Marekani. Tayari alikuwa na kiwanda Thailand. Hakuna anayemlaumu mfanyabiashara kwa kuikimbia hasara. Rais Donald Trump alimkemea na kumtishia kwa maneno makali mtandaoni. Mwezi uliofuata, Julai 2018, Rais huyo huyo aliisimamisha Rwanda isiuze nguo zake Marekani bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Harley alipata vitisho vya mtandaoni. Rwanda ilipata tangazo rasmi lenye sahihi.