Blogu Yako Haihitaji Fundi

Mwambie mtu Dar es Salaam kwamba unataka kuanzisha blogu. Hatakuuliza utaandika nini. Atakuuliza nani anakutengenezea, na kabla hujajibu ameshakutumia namba ya kijana wa IT, "hodari sana huyu", ambaye naye atakutajia bei: domeini, seva, mandhari ya kununua, plagini za ulinzi, na matengenezo ya kila mwaka. Ukishalipa unakabidhiwa nenosiri la kuingilia mahali palipojaa vitufe, vingi vyake hutavigusa maisha. Makala ya kwanza bado haijaandikwa.

Imani inayozaa mazungumzo haya imekomaa mpaka imeacha kuonekana kuwa ni imani. Inasema blogu ni mfumo, na mfumo ni kazi ya wataalamu. Anayeandika alete maneno tu, mengine awaachie wanaojua. Mimi nasema huo ni uongo, tena uongo wenye gharama. Blogu ya mtu mmoja ni folda yenye mafaili ya maandishi. Cha kuyageuza mafaili hayo kuwa kurasa ni skripti ya sheli, yaani faili la amri zinazofuatana, isiyofika mistari hamsini, na mtu aliyeweza kujifunza Excel ataielewa kwa wikiendi moja.

Tazama kwanza kinachotokea ndani ya huo mfumo unaosifiwa. WordPress, iliyotoka mwaka 2003 na ambayo leo inaendesha zaidi ya theluthi moja ya tovuti duniani, haitunzi makala yako kama ukurasa. Inaiweka kwenye hifadhidata, kichwa kwenye safu yake, maandishi kwenye yake, tarehe kwenye yake. Msomaji akibofya, seva inaiamsha programu ya PHP, PHP inaihoji hifadhidata swali baada ya swali, inaunganisha majibu, inatoa ukurasa, kisha inasahau kila kitu. Dakika hiyohiyo akija msomaji wa pili kutaka makala ileile, kazi inaanza upya. Ni mama lishe anayewasha moto na kubandika wali mpya kwa kila sahani, ilhali wateja wote wameagiza wali maharage.

Wauzaji wa mfumo huo wenyewe wanalijua tatizo hilo. Ndiyo maana utauziwa, au utashauriwa usakinishe, plagini ya kashe. Kazi yake ni nini? Kutengeneza kurasa mara moja na kuziweka tayari, ili hifadhidata isisumbuliwe. Yaani baada ya kulipia mtambo wote, unapachika kifaa cha kuuzuia mtambo usifanye kazi, na unachopata mwishoni ni kurasa zilezile tulivu ambazo skripti ingekupa tangu siku ya kwanza.

Skripti haina siri. Unaandika makala kwenye programu yoyote ya maandishi matupu na kuihifadhi kwa jina linaloanza na tarehe. Skripti inapita kwenye folda, faili moja baada ya jingine. Inachukua mstari wa kwanza kuwa kichwa. Amri ya cat inaunganisha kipande cha juu cha ukurasa, makala yenyewe na kipande cha chini. Amri ya sed inabadilisha mistari mitupu kuwa mipaka ya aya. Amri ya sort inayapanga majina kwa tarehe, jipya juu, na hapo ukurasa wa mbele umepatikana. Mwisho rsync inapeleka kwenye seva kilichobadilika tu, na mwenye kuhesabu bando ataelewa kwa nini neno hilo "tu" nimelipenda. Asiyetaka kuandika skripti yake ipo bashblog, programu huria iliyomo yote ndani ya faili moja la sheli iitwayo Bash. Inatengeneza kurasa, kumbukumbu za makala za nyuma, hata mlisho wa RSS kwa wale wachache tunaoutumia bado.

Hapa ndipo ninapoambiwa: hizo ni zana za kizee. Kweli ni za kizee, na sioni kwa nini ziombewe radhi. Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza Unix, mfumo zilikozaliwa nyingi ya amri hizi, katika maabara za Bell mwaka 1969. Mwaka 1973, kwa kusukumwa na Doug McIlroy, ikaingia njia ya kuunganisha programu ndogondogo ili tokeo la moja liwe chakula cha nyingine. Bash yenyewe ilitolewa na Brian Fox mwaka 1989. Amri ya cat iliyoandikwa enzi hizo bado inafanya kazi ileile, kwa jina lilelile, kwenye seva iliyowashwa leo asubuhi. Linganisha na upande wa pili: PHP 7 ilipotoka Desemba 2015, iliondoa kabisa zile amri za zamani za kuzungumza na MySQL. Plagini na mandhari zilizozitegemea zilikufa siku ambayo kampuni ya seva iliamua kuboresha mitambo yake. Mwenye blogu alifungua akakuta ukurasa mweupe, hakuna hata herufi, akampigia fundi. Fundi hakuwa amekosea. Na bado alilipwa.

Kuhusu umri wa kurasa zenyewe, ushahidi mzuri uko Uswisi. Tovuti ya kwanza kabisa, aliyoiweka Tim Berners-Lee pale CERN mwaka 1991, ilirudishwa kwenye anwani yake ya awali mwaka 2013, na kivinjari cha simu yako kinaifungua bila kulalamika. Hakuna hifadhidata ya kuifufua, hakuna toleo la kuboresha. Ni maandishi yenye alama chache za HTML.

Sisi wenyewe tuliwahi kuishi bila hofu hii ya kukosa fundi. Ndesanjo Macha alipoanza kuandika Jikomboe kwa Kiswahili, na mpiga picha Issa Michuzi alipovuta Watanzania wengi wa ughaibuni kwenye blogu yake, hakuna aliyekuwa anazungumzia mandhari ya kulipia. Michuzi alitumia Blogger, huduma ya bure, akaandika. Sitaidharau Blogger, ilitulea. Ila makazi ya bure yana mwenyewe. Yahoo iliifunga GeoCities mwaka 2009 na kurasa za mamilioni ya watu zikaenda nayo. Mwaka 2019 MySpace ilikiri kwamba imepoteza nyimbo zilizopakiwa kwa miaka kumi na miwili, zilizopotea wakati wa kuhamisha mitambo. Mwenye folda ya mafaili ya maandishi, nakala moja kwenye laptop na nyingine kwenye flashi, akifukuzwa na seva moja anahamia nyingine jioni hiyohiyo.

Wajuzi watanitajia usalama, na watataja Shellshock, lile tundu la Bash lililogunduliwa Septemba 2014 baada ya kukaa miaka ishirini na zaidi bila kuonekana. Hoja nzuri, mahali pasipo pake. Tundu lile liliziumiza seva zilizoruhusu maombi ya watu wa nje kuifikia Bash. Skripti ninayoizungumzia inafanya kazi nyumbani kwako kabla ya kupakia. Seva inagawa kurasa zilizokwisha kutengenezwa. Mdukuzi hakuti fomu ya kuingilia ya kujaribishia manenosiri usiku kucha, wala plagini iliyosahauliwa tangu mwaka juzi.

"Sina kompyuta ya Linux." Mac inayo sheli tayari, Windows inakubali Linux ndani yake tangu 2016, na kwenye simu ya Android ipo Termux, ambayo inakupa Bash na rsync mkononi, kwenye daladala ukipenda. Picha? ImageMagick inazipunguza kwa amri moja. Sehemu ya maoni sina, na siikosi. Anayetaka kubishana nami ataandika barua pepe, na anayechukua muda kuandika barua pepe huwa ameshasoma makala.

Kuna ukuta mmoja ambao skripti haiubomoi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipotoka Tanzania mwaka 2018, mwenye blogu alitakiwa kulipa ada zilizofika shilingi milioni 2.1 mwaka wa kwanza. Zimerekebishwa tangu hapo, lakini wapo walioacha kuandika na hawajarudi. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha jinsi lawama ilivyoelekezwa pasipostahili. Tuliambiwa Kiswahili mtandaoni kinakwama kwa kukosa utaalamu wa teknolojia, na semina zikaandaliwa, watu wakafundishwa kubofya vitufe. Utaalamu unaohitajika ungeenea kwenye karatasi moja. Vilivyokosekana ni ada nafuu na waandishi wasiotishwa na dirisha jeusi lenye maandishi.

Sisemi mfumo hauna kazi yake. Chumba cha habari chenye waandishi kumi, mhariri wa zamu na mpiga picha anayetuma akiwa Mtwara kinahitaji mfumo, na WordPress inakifaa. Duka linalopokea malipo kwa simu linahitaji hifadhidata kuliko linavyohitaji rangi ya ukutani. SACCOS, zahanati, shule yenye wanafunzi elfu moja na daftari la ada lililochakaa: huko ndiko yule kijana hodari wa IT anakotakiwa, na huko alipwe vizuri. Mtu mmoja mwenye makala mbili kwa mwezi si mteja wake.