Namba Haiwi Badala ya Macho

Mwandishi mmoja ametuhubiria kwamba kadi ya mchezaji ikishapewa daraja na kampuni, kuanzia 1 hadi 10, na kufungiwa ndani ya plastiki ngumu, hali yake imethibitika, wala mnunuzi hana haja tena ya kuitazama. Laiti ingekuwa hivyo! Pembe, kingo, uso na usawa wa pambizo hukadiriwa kwa jicho la binadamu, na jicho la leo si lazima liafikiane na la kesho. Ndiyo maana wapo waivunjao plastiki na kuirejesha kadi ileile wakitaraji daraja bora.

Ama dai lake kwamba hila haipiti mbele ya wataalamu, hilo ni dhaifu kuliko yote. Nakala moja ya kadi ya Honus Wagner, mchezaji wa besiboli, ya mfululizo wa T206 uliotolewa Marekani kati ya 1909 na 1911, ilikuwa ya kwanza kupimwa na PSA, kampuni ya kutoa madaraja, mwaka 1991, ikatunukiwa 8. Kisha, mwaka 2013, dalali Bill Mastro akakiri mahakamani kwamba alikuwa amezikata kingo zake, kasoro ambayo kwa kanuni humnyima mwenye kadi daraja lolote. Wataalamu walikuwa wapi?

Msomaji, shika kioo cha kukuzia, uitazame kadi kabla hujaisoma namba.