Kabla Hamjamtenga: Barua kwa Wazee wa Usharika

Wapendwa wazee wangu,

Huku Leipzig, mji uliowatuma wamisionari wetu Kilimanjaro mwaka 1893, tu wazima. Nimesikia kwamba kikao kijacho mnakusudia kumtenga yule kijana wa kwaya na meza ya Bwana, na andiko mnalolitegemea ni 1 Wakorintho 6:9.

Nawasihi mfungue Biblia yetu ya mwaka 1952. Pale wametajwa wafiraji na walawiti. Wafiraji wamesimama badala ya neno la Kigiriki malakoi, yaani walio laini. Ndilo neno la Mathayo 11:8 kuhusu mavazi mororo. Walawiti ni arsenokoitai. Sasa geukieni 1 Timotheo 1:10: arsenokoitai wale wale wameitwa wafiraji. Watafsiri wetu hawakuwa wazembe, wazee wangu. Neno lenyewe ni gumu. Agano Jipya lote linalo mara mbili tu, na kabla ya Paulo halijulikani kwa uhakika katika maandishi yoyote.

Limeungwa kwa maneno mawili, mwanamume na kitanda. Msomi David Wright aliandika mwaka 1984 kwamba limetoka katika tafsiri ya Kigiriki ya Mambo ya Walawi 18:22 na 20:13, ambako maneno hayo yanakaa pamoja. Hoja hiyo ina nguvu, nami naikubali. Lakini kujua neno limetoka wapi hakutuambii Paulo alikuwa akimtazama nani. Martin Luther, ambaye kanisa letu linaitwa kwa jina lake, alilitafsiri kwa Kijerumani Knabenschänder: wanaoharibu wavulana. Katika miji ya Kirumi mtumwa mvulana alikuwa mali ya bwana wake hata chumbani. Na pale kwa Timotheo, wanaofuata mara moja baada ya neno hili ni waibao watu, wale wa biashara ya utumwa. Sisi wa pwani na bara tulioachiwa makovu ya biashara hiyo tungepaswa kuwa wa kwanza kuuona ujirani huo. Hata Wamarekani, katika Agano Jipya lao la RSV la mwaka 1946, waliyaunganisha maneno yote mawili katika neno moja la leo la wapenzi wa jinsia moja. Mwaka 1971 wakaliondoa.

Naandika kwa uchungu, kwa kuwa kwetu tumewaona watu wazima walioharibu wavulana wa wenzao, na mambo yakamalizwa kifamilia, kwa mbuzi na gunia la mahindi. Hakuna kikao kilichoitwa. Kijana huyu hajamgusa mtoto wa mtu wala hajamlazimisha yeyote, naye ndiye anayesomewa andiko ambalo Luther mwenyewe aliliona linawahusu wale.

Tena msiishie mstari wa 9. Wa 10 unawataja walevi, watukanaji na wanyang'anyi, na hao tunashiriki nao kila Jumapili.

Ninaloomba ni hili: ahirisheni. Mwiteni mwalimu wa Kigiriki kutoka chuo cha theolojia, akae nanyi siku nzima, mumuulize kila mlilo nalo, na kijana awepo, asikie na asikilizwe. Mama yake ameniambia kwamba tangu habari za mwanawe zitoke hakuna mzee aliyepiga hodi kwake. Nendeni kabla ya kikao. Fedha za nauli ya mwalimu na chakula chake nitazituma kwa simu ya mhasibu wiki hii.

Mtoto wenu katika Kristo,
Leipzig