Kifaa cha kukagua makopo si adui yenu, acheni kukizima

Najua wengi mnasubiri sehemu ya pili ya somo la kantangaze. Itakuja. Leo niacheni niseme jambo linaloniwasha moyoni, na sitalipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mtaniuliza, bwana shamba na makopo wapi na wapi? Kazi yako si mbegu, mbolea na viuatilifu? Ndiyo. Lakini kopo likirudi kutoka sokoni, deni haliishii kiwandani. Linateremka hadi kwa mama aliyepalilia nyanya zile. Nimeliona mwaka huu kwa macho yangu.

Kikundi kimoja ninachokihudumia, watu ishirini na wawili, kinauza nyanya kwenye kiwanda cha kusindika. Kiwanda sikitaji, na mkoa pia sisemi. Nilikisindikiza kikundi kwenda kuona nyanya zao zinavyogeuka kuwa nyanya za kopo. Zinaoshwa, zinasagwa, zinapikwa mpaka ziwe nzito, zinajazwa zikiwa moto, mashine inafunga vifuniko, kisha makopo yanapita moja moja kwenye mkanda chini ya maji ya kupoozea mpaka kwenye maboksi. Kabla tu ya maboksi nikaona kisanduku kidogo kimefungwa juu ya mkanda, pembeni yake kuna bomba la upepo, na chini kuna kreti. Taa ya kisanduku haiwaki. Bomba la upepo limefungwa. Kreti tupu.

Nikamuuliza fundi, mbona hiki hakifanyi kazi?

"Hicho kinatukwamisha, mzee. Kila saa kinatema makopo mazima. Tumeambiwa kizimwe mpaka tumalize oda."

Nikamwomba akiwashe dakika kumi tu, wakulima waone. Akakubali shingo upande. Nikatoa kalamu nikaanza kuhesabu. Kopo linatemwa, yanapita matatu, linatemwa jingine. Mara yanapita saba ndipo linatemwa. Mara kumi na moja. Halikutokea hata mara moja yakapita manne au matano. Nikamuuliza, mashine yenu ya kufunga ina vichwa vingapi? Akanyamaza kidogo, akasema vinne.

Hesabu hiyo haihitaji chuo kikuu. Kila kopo lililotemwa lilikuwa limefungwa na kichwa kilekile. Kichwa kimoja kati ya vinne kilikuwa kimelegea au roli yake imelika, na kile kisanduku kilikuwa kinapiga kelele tangu asubuhi: njooni mwangalie kichwa hiki. Dawa waliyoona inafaa ni kukiziba mdomo.

Wiki tano baadaye mnunuzi akarudisha mzigo. Makopo yamevimba, mengine yanavuja, maboksi yamelowa. Na sababu waliyopewa wakulima wangu? Eti nyanya zao zilikuwa mbovu. Malipo yamesimamishwa "mpaka uchunguzi ukamilike". Tulifungua boksi moja la makopo 24 mbele yao. Matano yamevimba, kumi na tisa hayana neno. Nyanya zote za boksi lile zilitoka kwenye sufuria moja. Nyanya mbovu haijui kuchagua ijazwe kwenye kopo litakalofungwa na kichwa kipi! Daftari langu ninalo, na hesabu za siku ile nimeshawakabidhi viongozi wa kikundi. Mpaka naandika haya, hawajalipwa.

Sasa tuelewane kifaa chenyewe kinafanya nini, maana nimegundua hata baadhi ya wanaokizima hawajui.

Chakula kikijazwa kikiwa moto na kopo likafungwa, kilichobaki juu ya chakula ni mvuke. Kopo likipoa, mvuke unageuka maji, na ndani kunabaki ombwe. Hewa ya nje inasukuma kifuniko, kinabonyea kidogo kuelekea ndani. Chukua kopo lolote zima dukani uangalie kifuniko chake, utaona kimezama katikati. Kopo linalovuja haliwezi kushika ombwe. Hewa inaingia, kifuniko kinabaki bapa, na baadaye vijidudu vikianza kutoa gesi, kinavimba. Kifaa kinapima huo mzamo tu. Sensa inasoma umbali kati yake na kifuniko pembeni na katikati. Tofauti ikiwa ndogo mno, upepo au mkono wa chuma unalisukuma kopo nje ya mkanda. Vingine vinagonga kifuniko kwa pigo la sumaku na kusikiliza mlio wake. Zamani kazi hiyo ilifanywa na watu wenye kijiti na masikio mazuri: kopo zima linalia kwa sauti nyembamba, bovu linatoa mlio mfu.

Hoja ya kwanza ninayoletewa ni kwamba kifaa kinatema makopo mazima. Inawezekana. Kopo likipita likiwa bado moto, ombwe halijakamilika, na kifaa kitalikataa hata kama limefungwa vizuri. Mkanda ukitikisika, au kopo likiinama, kitakosea. Lakini hayo yana tiba: sogeza kifaa mahali ambapo makopo yameshapoa, kaza mkanda, kipange upya kwa kila saizi ya kopo. Chukua makopo ishirini yaliyotemwa, yaache yapoe kabisa, yapime ombwe kwa geji ya kutoboa. Yakiwa mazima yote, rekebisha kifaa. Yakiwa na kasoro, rekebisha mashine ya kufunga. Kukizima si jibu la lolote kati ya hayo mawili.

Na kuna mchezo mwingine mbaya zaidi ya kuzima: kuyakusanya yaliyotemwa na kuyarudisha kwenye mkanda yapite tena, na tena, "mpaka yakubali". Kopo lililo mpakani likikataliwa mara mbili likapita mara ya tatu halijapona. Umecheza bahati nasibu kwa afya ya mtu usiyemjua. Lililotemwa likitemwa lihesabiwe, liandikwe saa na namba ya bechi, likatwe mshono uangaliwe. Lisirudi mkandani, na lisiuzwe kwa bei ya chee kwa wafanyakazi getini. Mnanielewa nasema nini.

Hoja ya pili: "tuna watu wanakagua kwa macho." Hebu tupige hesabu. Laini ndogo ya makopo 60 kwa dakika inapitisha kopo moja kila sekunde. Kwa zamu ya saa nane hayo ni makopo 28,800. Nani ataangalia vifuniko 28,800 bila kusinzia, bila kujikuna, bila kupokea simu? Macho yanafaa kwa kopo lililobonyea vibaya au mshono uliochanika waziwazi. Kifuniko kilichozama pungufu kwa chini ya milimita moja hakionekani kwa mtu aliyechoka saa kumi jioni.

Hoja ya tatu ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu wanaoisema ni watu wenye elimu: "hii ni nyanya, ina asidi, haina sumu." Ni kweli kwamba bakteria wa botulizimu hawakui penye asidi ya kutosha, yaani pH ya 4.6 au chini. Lakini nyanya hukaa karibu sana na mpaka huo, na zilizoiva kupita kiasi zinaweza kuuvuka, ndiyo maana tunaongeza asidi ya sitriki au ndimu. Tena kopo linalovuja linaweza kuingiza ukungu na chachu, na ukungu ukikua hula asidi ile ile mliyoitegemea. Halafu leo ni nyanya. Kesho kiwanda hichohicho kitapata oda ya maharage, mahindi machanga au uyoga, vyakula visivyo na asidi ambavyo ni lazima vipikwe kwa mvuke wa presha, kwenye nyuzi 121 hivi za Selsiasi. Fundi aliyezoea kuzima kifaa kwenye nyanya atakiwasha siku ya maharage?

Wenzetu waliotutangulia walilipa gharama, na haina haja sisi tulipe upya. Mwaka 1964, katika mji wa Aberdeen huko Scotland, watu zaidi ya 400 waliugua homa ya matumbo. Chanzo kilifuatiliwa hadi kwenye nyama ya kopo kutoka Argentina. Nyama ilipikwa vizuri kiwandani. Tatizo lilikuja baadaye, pale makopo yalipopoozwa kwa maji ya mto yasiyotiwa klorini. Kopo lenye mshono mbovu linapopoa linavuta, na likivuta linavuta kilichopo nje. Mwaka 1978 mjini Birmingham, Uingereza, watu wanne walikula samaki wa kopo moja kutoka Alaska. Kopo lilikuwa na tundu dogo. Wawili walikufa. Mwaka 1982 mtu mmoja akafa Ubelgiji kwa samaki wa kopo kutoka Alaska pia, na uchunguzi ukaonyesha kopo lilitobolewa na mashine ya kurudishia umbo makopo yaliyosafirishwa yakiwa yamebanwa bapa. Makumi ya mamilioni ya makopo yakaondolewa sokoni. Fikiria: mashine moja imekosea, wavuvi wangapi walikosa soko?

Nisije nikaeleweka vibaya. Kifaa hiki si mganga. Tundu dogo linaweza kuzibwa na chakula chenyewe kwa muda, kopo likashika ombwe na kupita. Chakula ambacho hakikuiva vya kutosha kinaweza kuwa ndani ya kopo lenye ombwe safi kabisa, na kifaa kitakipitisha kwa heshima zote. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "nunua hiki usahau mengine", mfukuze. Mshono unatakiwa kuangaliwa kwa macho angalau kila nusu saa na kukatwa na kupimwa angalau kila saa nne, kopo moja kutoka kila kichwa. Hili la kila kichwa ni muhimu, maana makopo yakichanganyika kwenye vikapu vya kupikia, ile hesabu yangu ya kopo la nne haitakusaidia. Maji ya kupoozea yawe na klorini. Makopo yenye joto na maji yasishikwe kwa mikono. Na kila zamu inapoanza, pitisha chini ya kifaa kopo moja bovu la makusudi, lililopakwa rangi nyekundu. Lisipotemwa, simamisha laini.

Sasa, vikundi vidogo mnaojaza chupa 150 au 200 kwa siku, najua mmeanza kusema afisa anataka kutuuzia mashine. Hapana! Ninyi hamhitaji mashine hiyo, na mtu akija kuwashawishi mkope kwa ajili yake, mje kwanza tuzungumze. Mnacho kifaa tayari: kidole na kijiko. Acheni chupa zipoe saa 24 bila kuzigusa. Kisha bonyeza katikati ya kifuniko. Kikicheza na kutoa mlio wa "tik", chupa hiyo haikufunga. Gonga kwa kijiko, sikiliza. Zitenge zote zisizofunga, andika ni ngapi katika kila bechi. Mkiona leo ni mbili, kesho mbili, keshokutwa kumi na tano, simamisheni kazi mtafute sababu: vifuniko vilivyokwishatumika, midomo ya chupa iliyomeguka, au mmejaza chakula kimeshapoa. Na hapo ndipo nawageukia ninyi pia, maana lawama si za wenye viwanda peke yao. Nimewaona mnaokota vifuniko vya zamani, mnavichemsha na kuvitumia tena kwa kuwa kipya ni ghali. Ule mpira laini wa ndani ukishabonyea mara moja haufungi vizuri mara ya pili. Mnabana shilingi kwenye kifuniko mnapoteza chupa nzima.

Kwa wale mnaouzia viwanda, msimu ujao msisaini mkataba unaosema tu "nyanya bora". Ombeni viandikwe vitu vitatu. Kwanza, nyanya zikaguliwe na kukubaliwa au kukataliwa siku zinapopokelewa, na stakabadhi itolewe. Baada ya hapo ubovu wa kopo si wenu. Pili, kiwanda kitunze daftari la makopo yaliyotemwa na la vipimo vya mshono, na kikundi kiruhusiwe kuyaona mzigo ukirudishwa. Tatu, malipo yasisubiri mnunuzi wa mwisho. Mwenye kiwanda makini hatakataa hayo, kwa sababu daftari hilo hilo ndilo litakalomlinda yeye mbele ya TBS, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula. Akikataa kabisa kuonyesha daftari, mjue halipo.

Mwenye mkataba wa aina hii tayari, au mwenye mzigo uliorudishwa kama wa wenzetu hawa, aje ofisini kata Jumanne au Alhamisi kabla ya saa sita. Njoo na stakabadhi zako zote, hata zile zilizofifia. Sehemu ya pili ya kantangaze ni wiki ijayo.